Usilipime gazeti kwa ukubwa wa karatasi

Asubuhi kwenye meza za magazeti hapa Mtwara, wasomaji huwa wengi kuliko wanunuzi. Mtu ananyoosha shingo, anapitisha macho kwenye kurasa za mbele, anaguna, anakwenda zake. Baadhi yao huja maktaba na swali: gazeti la udaku nitalitambuaje? Wengi hudhani ni lile dogo, lenye rangi nyingi.

Dhana hiyo ina asili yake. "Tabloid", neno ambalo Waingereza huliita gazeti la udaku, lilikuwa jina la biashara la vidonge, lililosajiliwa mwaka 1884 na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome ya London. Baadaye likahamia kwenye habari zilizofupishwa, kisha kwenye magazeti madogo yaliyozibeba. Magazeti mazito yakabaki kwenye karatasi pana. Lakini The Times la London lilihamia karatasi dogo mwaka 2004, na The Guardian mwaka 2018, na hayakugeuka kuwa ya udaku. Hapa kwetu ndiyo kabisa: magazeti mengi ya Kiswahili yana ukubwa uleule, yawe ya siasa au ya mapenzi.

Kwa hiyo tazama habari ilivyopikwa. Nitabuni mfano: wakulima Newala wamegoma kuuza korosho mnadani. Gazeti makini litaandika "Wakulima wakataa bei ya korosho". Aya ya kwanza itasema nani, wapi, lini na kwa nini. Zitafuata bei ya juu na ya chini, tani zilizokuwa ghalani, makato, kauli ya mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, na wanunuzi wakipewa nafasi ya kujibu.

La udaku litaandika "KOROSHO YAVUNJA NDOA!" Ndani utamkuta baba mmoja aliyeahidi kumcheza binti yake unyago msimu huu, fedha haikupatikana, mkewe amerudi kwao. Msemaji ni "jirani aliyeomba jina lake lihifadhiwe". Picha ya mama akijifunika kanga inachukua nusu ukurasa. Bei ya kilo huenda usiione hadi mwisho.

Nikiri kwamba mwandishi wa udaku amefika nyumbani kwa mkulima, wakati yule makini pengine ameishia kwenye meza ya mkuu wa wilaya. Habari yenye viongozi watatu wakisema na mkulima hata mmoja asiyesikika, mimi siiiti makini, hata ingejaa takwimu. Ila kuvunjika kwa ndoa ile kuna sababu ngapi? Jirani anajua moja, gazeti limeifanya kuwa zote.

Ukishika gazeti, chukua kalamu uzungushie kila msemaji mwenye jina na cheo. Kisha pigia mstari "inadaiwa", "inasemekana" na "chanzo chetu". Neno moja la aina hiyo si kosa, maana mtuhumiwa hajahukumiwa na mwandishi lazima ajilinde. Yakiwa saba, na mhusika hakupigiwa hata simu, umeuziwa umbea kwa bei ya gazeti.

Na kama mwenye ndoa hiyo ni wewe, tunza nakala, mwandikie mhariri ukieleza sentensi ipi si kweli, udai masahihisho. Akikaa kimya, Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, hupokea malalamiko ya namna hiyo na kuzikalisha pande mbili kusuluhishwa.