Kurudisha ujana kwa sayansi: yanayosemwa na yaliyothibitishwa

“Wanasayansi wameshaweza kumrudisha mzee ujanani.”

Hapana. Kilichorudishwa nyuma hadi leo ni umri wa seli, pamoja na baadhi ya viungo vya panya wa maabara. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walichukua seli za kawaida za panya, wakaziongezea jeni nne tu, nazo zikarudi kuwa kama za kiinitete (mimba changa), tayari kugeuka seli ya aina nyingine yoyote. Mwaka uliofuata walifanya hivyo kwa seli za binadamu. Yamanaka alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012, pamoja na John Gurdon.

Mimi naona huu ni miongoni mwa ugunduzi mkubwa wa karne hii. Lakini jeni hizo zikiachwa zifanye kazi mfululizo ndani ya mnyama mzima, seli ya ini huacha kuwa ya ini, na panya huota uvimbe. Moja kati ya hizo nne, c-Myc, inajulikana kwa kuchochea saratani. Kwa hiyo mwaka 2020 timu ya David Sinclair wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, iliiacha hiyo, ikatumia tatu zilizobaki kwenye macho ya panya. Nyuzi za neva ya jicho zilizokuwa zimeumia zikaota upya, na panya waliokuwa na hali kama presha ya macho wakarudishiwa sehemu ya uwezo wa kuona. Tunazungumzia jicho, tena la panya. Kutoka hapo hadi mwili mzima wa mtu ni safari ndefu.

“Refusha telomia, uzee umekwisha.”

Telomia ni ncha za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, na hufupika seli inavyozidi kugawanyika. Mwanabiolojia wa Marekani, Leonard Hayflick, alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika kama mara 40 hadi 60, kisha hukoma. Kuna kimeng'enya kinachorefusha telomia, kiitwacho telomerasi. Tatizo ni kwamba saratani nyingi mno hukiamsha hichohicho ili zigawanyike bila kikomo, kwa hiyo kule kukoma kwa seli ni sehemu ya ulinzi wetu. Wauza vidonge vya telomia hawalitaji hili, na kunyamaza kwao kunaniudhi.

“Damu ya vijana hurudisha ujana.”

Februari 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya hadharani kwamba plazima (majimaji ya damu) ya vijana haina faida iliyothibitishwa dhidi ya uzee, na ina hatari zake.

“Kurefusha maisha ni kurefusha maradhi.”

Hofu hii inaeleweka, kwani wengi wetu tumeuguza wazee. Ila watafiti makini hawalengi kumwongezea mtu miaka ya kitandani. Umri ndio kihatarishi kikuu cha saratani nyingi, maradhi ya moyo na kupoteza kumbukumbu, kwa hiyo ukipunguza kasi ya uzee unatarajia kuyachelewesha yote kwa pamoja. Mwaka 2009, panya walioanza kupewa dawa iitwayo rapamaisini wakiwa na miezi 20, yaani wazee tayari, waliishi zaidi ya wenzao. Lakini dawa hiyo, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Kisiwa cha Pasaka, hupewa waliopandikizwa figo kwa sababu hudhoofisha kinga ya mwili. Kuimeza kwa matumaini ya ujana bila daktari ni kuchezea afya.

“Zamani watu walizeeka wakiwa na miaka 40.”

Wastani wa umri wa kuishi ulikuwa mdogo kwa sababu watoto wengi walikufa wadogo. Waliovuka utoto, wengi waliuona uzee. Wastani wa dunia umepanda sana tangu mwaka 1900, lakini rekodi iliyothibitishwa ya mtu aliyeishi miaka mingi zaidi bado ni ya Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122.

Je, ukomo huo utavunjwa? Mwaka 2000 wanasayansi wawili wa Marekani, Steven Austad na Jay Olshansky, waliwekeana dau la dola 150 kila mmoja. Austad anasema kuna mtu aliyekuwa hai mwaka 2001 atakayefikisha miaka 150, tena akiwa na akili timamu. Olshansky anakataa. Mbivu na mbichi zitajulikana mwaka 2150, na fedha zitachukuliwa na wazao wa mshindi.