Bunduki ya marehemu haisubiri kuanua tanga

Mzee akifariki Machame au Karatu, mengi hupata majibu ndani ya wiki: nani anakaa kihambani (shamba la ukoo), nani anabaki na mama, deni gani lilipwe kwanza. Kabati la chuma lililo chumbani kwake husahaulika mpaka mtu aulize funguo. Ndani yake mna raifo aliyowindia, bunduki ya marisawa ya kulinda shamba, bastola ya kulinda duka, na makopo ya risasi za miaka mingi. Kosa linalofanyika hapo hamwandami marehemu. Humwandama mjane au mtoto aliyeshika funguo, na mara nyingi hutokana na dhana potofu kama hizi.

Dhana: leseni ya baba inaendelea mpaka muda wake uishe

Leseni hutolewa kwa mtu mmoja aliyetajwa kwa jina baada ya kuchunguzwa yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015. Nyumba haina leseni, ukoo hauna leseni, na mke hashiriki leseni ya mumewe. Mwenye jina akifa, atakayekaa na silaha hizo anakaa nazo bila leseni, hata kama tarehe iliyoandikwa bado iko mbele.

Kwa hiyo taarifa polisi isingoje mazishi wala kikao cha ukoo. Mtu mmoja mzima afunge chumba na kukaa na funguo, kisha apige simu au aende kituoni mikono mitupu kuomba askari waje kuzichukua. Msizibebe wenyewe kwenye bodaboda wala kwenye buti la gari. Mkikamatwa njiani, maelezo kwamba mlikuwa mnazipeleka kituoni hayana ushahidi wowote. Andaeni leseni za marehemu, kitambulisho chake, kibali cha mazishi (cheti cha kifo kitafuata kikitoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vifo) na barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Dhana: ukitoa magazini, bastola iko tupu

Hapa ndipo watu huumia, maana nyumba ya msiba imejaa vijana na watoto. Bastola yenye magazini (kibebeo cha risasi kinachochomolewa) inaweza kubaki na risasi moja kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu, hata magazini ikiwa mezani. Wapo wanaofuata hatua kinyume: wanavuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) kwanza, risasi iliyokuwa kwenye chemba inaruka nje, slaidi ikirudi inasukuma nyingine kutoka kwenye magazini, ndipo wanatoa magazini na kuamini kazi imekwisha. Asiyefunzwa asiguse kabisa. Aliyefunzwa huelekeza mtutu upande salama, kidole mbali na kifyatulio, hutoa magazini, huvuta slaidi, kisha huangalia chemba kwa macho na kuipapasa kwa ncha ya kidole.

Risasi nazo zina hatari yake. Ya bunduki ya marisawa ya geji 20, iliyo nyembamba, ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye mtutu mpana wa geji 12 huteleza na kukwama mbele kidogo ya chemba. Mtu anaona chemba tupu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake. Kwa sababu hiyo risasi zilizochanganyika kwenye kopo moja zisichambuliwe na mtu asiyezijua. Zikabidhiwe kama zilivyo. Zenye ukungu wa kijani zisisuguliwe wala kupakwa mafuta, kwani mafuta hupenya kwenye fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi).

Dhana: ikienda kituoni imepotea

Kuhifadhiwa kituoni si kutaifishwa. Silaha inabaki kuwa mali ya mirathi, na familia inaweza kuomba ihamishiwe kwa mtu mwenye sifa au iuzwe. Kinachopoteza silaha ni karatasi mbovu. Dai hati ya makabidhiano ambayo kila silaha ina mstari wake: aina, mtengenezaji, kaliba (kipimo cha upana wa mtutu), namba, hali yake (kutu, kitako kilichopasuka), magazini ngapi, darubini ipo au haipo, risasi ngapi kwa kila kaliba. Chini pawe na jina, cheo na namba ya askari, saini za pande zote mbili, na muhuri.

Namba isomwe kwenye chuma chenyewe, isinakiliwe kutoka kwenye leseni. Raifo iliyowahi kubadilishwa mtutu inaweza kuwa na namba moja kwenye mtutu na nyingine kwenye bodi, yaani kiwiliwili cha bunduki. Tarakimu moja ikipishana leo, mrithi atakuja kuulizwa silaha ya pili iko wapi.

Dhana: wosia ukinitaja, ni yangu

Wosia unakupa haki juu ya thamani. Haukupi ruhusa ya kushika. Barua ya usimamizi wa mirathi nayo si leseni: inampa msimamizi mamlaka ya kuamua silaha ziende wapi, si ya kuzirudisha sebuleni. Ni lazima aziingize kwenye orodha ya mali. Mahakama ya Mwanzo hutaka orodha hiyo, fomu namba V, ndani ya miezi 4 tangu uteuzi. Mirathi inayofuata Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ina miezi 6. Kuificha bunduki kwenye orodha ili ukoo usigombane ni kujitafutia kesi mbili, ya mirathi na ya silaha.

Wosia mzuri una ngazi. Uandike hivi: raifo ya .375 apewe mwanangu fulani iwapo atapata leseni yake ndani ya mwaka mmoja. Asipopata, iuzwe kwa mwenye leseni au kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, na fedha zigawanywe kwa watu hawa. Bila ngazi ya pili, silaha hulala kituoni huku ndugu wakivutana. Mwislamu akumbuke kwamba wasia hauzidi theluthi ya mali, na kwamba anayerithi tayari hausiwi. Namba ya siri ya kabati isiandikwe humo, maana wosia husomwa mbele ya ukoo mzima. Iwe kwenye bahasha iliyofungwa, kwa wakili au mtu mmoja anayeaminika.

Na anayetarajiwa kurithi aanze kuomba leseni baba akiwa hai. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji na kupita kwenye kamati za ulinzi na usalama kabla ya kufika polisi ngazi za juu. Si jambo la wiki mbili. Wana wakisharudi nyumbani Desemba, mzee awaulize waziwazi nani anazitaka. Mara nyingi hakuna anayezitaka, na hilo ni jibu zuri: aziuze mwenyewe, kwa idhini ya polisi, akiwa bado anajua historia na bei ya kila moja.

Wakati huohuo azitoe kwenye mifuko ya ngozi. Ngozi hufyonza unyevu, na kemikali zilizoiivisha hula chuma. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro msimu mmoja wa masika unatosha kuchora kutu itakayoshusha bei.

Dhana: Marekani unaweka bunduki kwenye amana, hakuna usumbufu

Amana hapa ni mfuko wa kisheria unaomiliki silaha badala ya mtu mmoja. Mifuko hiyo ilienea zaidi Marekani kwa sababu ya sheria yao ya shirikisho ya mwaka 1934 kuhusu silaha maalumu kama bunduki za rashasha na vizuia sauti. Mifuko hiyo haina nguvu Tanzania.

Dhana: gobore la babu ni pambo tu

Gobore linalofyatua ni silaha, hata kama limetundikwa ukutani tangu enzi za Mjerumani. Likigunduliwa bila karatasi, muoneni wakili kisha mtoe taarifa bila kuchelewa. Msilizike shambani, msilitupe mtoni. Umoja wa Afrika umetenga Septemba ya kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu, hivyo sikilizeni tangazo la Jeshi la Polisi na masharti yake. Kama lina historia ya kweli, semeni hivyo kwa maandishi siku ya kulikabidhi, na muulize polisi kama linaweza kwenda makumbusho badala ya kuteketezwa.