Ziwa Huanzia Mlimani: Tunachosoma Tukisomea Mazingira ya Vijijini

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vijana wanaokuja kwetu kusomea usimamizi wa mazingira huwa na picha moja kati ya mbili kichwani. Wapo wanaojiona wamevaa magwanda ya kijani wakilinda wanyama. Wapo wanaojiona wakipanda miti tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, mbele ya mkuu wa wilaya. Mimi ni mkufunzi hapa Mwanza, na wiki ya kwanza sigusi hata moja kati ya hayo. Anayetaka wanyamapori, majirani zetu wa chuo cha Pasiansi ndio wenye kazi hiyo. Anayetaka samaki, chuo cha uvuvi kipo Nyegezi. Sisi tunasoma ardhi ambayo watu wanaishi juu yake: mashamba, malisho, visima, vijito, mialo, na ugomvi wote uliomo humo.

Kwa hiyo tunapanda gari la chuo alfajiri, tunakwenda kijiji kimoja cha wilaya ya Misungwi upande wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, tunapanda kilima cha mawe, kisha tunashuka kwa miguu hadi majini. Umbali wenyewe haufiki kilomita nne, lakini tunamaliza siku nzima, maana tunasimama kila udongo unapobadilika.

Juu kabisa ni mawe ya itale, yale yale ya duara yaliyopangana ambayo kila aliyefika Mwanza anayafahamu. Kati ya jiwe na jiwe kuna vichaka na udongo kiganjani tu. Ukishuka kidogo unaingia kwenye luseni, udongo wa kichanga uliotokana na mawe hayo hayo kumomonyoka kwa maelfu ya miaka. Hapa ndipo penye mihogo, viazi na pamba. Namwambia kila mwanafunzi achukue udongo kiganjani, aulowanishe kwa maji kidogo, aufinyange kama tonge la ugali, kisha aubane kwa kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Udongo wa luseni hautoi utepe. Unavunjika papo hapo.

Chini zaidi ni itogolo, wa kijivu, wenye mchanga kidogo juu na tabaka gumu chini yake. Kiangazi jembe linarudi juu kama limegonga sakafu. Ng'ombe wanachungwa hapo, na kuelekea bondeni wakulima wamechonga majaruba ya mpunga, kwa sababu maji yakishaingia hayapenyi kwenda chini. Mwishoni ni mbuga. Kijana aliyetoka mkoa mwingine akisikia "mbuga" anatazama huku na huku akitafuta tembo, lakini Msukuma akisema mbuga anamaanisha udongo mweusi wa bondeni, unaopasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi na kugeuka gundi masika. Utepe wa mbuga unatoka mrefu, unang'aa, na unakaa kidoleni bila kukatika. Dengu zinapandwa humo mvua zikiisha, zikaishi kwa unyevu uliobaki ardhini.

Majina haya sikuyatoa kwenye kitabu. Mwaka fulani nilikuwa na kundi lililobeba ramani na vifaa vya kupimia mahali, wamezama kwenye vioo vyao, na mzee mmoja aliyekuwa akipalilia akatuita.

"Shikamoo mzee," wakaamkia.

"Marahaba wanangu. Mnatafuta nini humo ndani ya simu?"

Mmoja akajibu kwamba wanatafuta mpaka wa aina za udongo. Mzee akaweka jembe begani, akatembea hatua kama thelathini, akachora mstari kwa kisigino. "Huku luseni, huku itogolo. Vua viatu, utajua mwenyewe." Wakavua. Na kweli, nyayo zilijua.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alipendekeza kwamba udongo wa kwenye mteremko usisomwe kipande kimoja kimoja bali kama mnyororo, kila pete ikishikana na iliyo juu na iliyo chini yake. Akauita "catena", neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya mnyororo. Leo neno hilo linafundishwa katika vyuo vya dunia nzima, na limezaliwa kutokana na ardhi ya Afrika Mashariki. Usukumani ni mahali ambapo mnyororo huo unaonekana kwa macho, na wenyeji walikuwa wameshaupa kila pete jina lake. Napenda wanafunzi wangu walijue hilo kabla ya kujua jambo lingine lolote, kwa sababu wengi wanafika wakiamini kwamba sayansi ya mazingira ililetwa kwetu na wageni.

Ukiuelewa mnyororo, umeelewa sehemu kubwa ya kazi yetu. Ukikata miti ya juu, hutaona madhara juu. Tone la mvua likigonga ardhi tupu linarusha chembe za udongo, maji yanazisomba, njia ya ng'ombe inageuka mfereji, na mfereji kwa misimu michache unageuka korongo. Mchanga mzito unaachwa njiani, unafukia majaruba ya jirani. Zile chembe laini kabisa za mfinyanzi zinaendelea hadi kijitoni na hadi ziwani, na ndizo zilizobeba fosforasi, maana fosforasi hung'ang'ania chembe laini. Ikifika ziwani inakuwa mbolea ya mwani na ya gugu maji. Mwani ukifa unazama, unaoza, na kuoza kunakula hewa ya oksijeni iliyomo majini.

Basi siku hiyo inaishia kwenye mtumbwi, na kifaa cha kupima uangavu wa maji, ninachokipenda kuliko vyote tulivyo navyo chuoni. Ni kifuniko cha ndoo ya rangi tulichokikata kuwa duara la sentimita 20, tukakigawa robo nne, mbili tukazipaka rangi nyeusi na mbili nyeupe. Chini yake tumefunga nati nzito ya lori. Juu kuna kamba ya nailoni yenye fundo kila sentimita 10 na kitambaa chekundu kila mita. Unakishusha upande wenye kivuli cha mtumbwi, unahesabu mafundo mpaka kinapotea machoni, unakivuta polepole mpaka kinaonekana tena, unachukua wastani wa vipimo viwili. Padri na mwanaastronomia wa Kiitalia, Angelo Secchi, alitumia sahani ya namna hii kupima uangavu wa bahari ya Mediterania mwaka 1865, na mpaka leo hakuna kifaa cha bei nafuu kinachokishinda.

Karibu na mdomo wa kijito, baada ya mvua, wanafunzi wangu wamewahi kuhesabu mafundo manne tu. Sentimita 40. Watafiti wa Kiingereza Michael Graham na E. B. Worthington walipolichunguza ziwa hili mwaka 1927 na 1928, maji ya mbali na ufukwe yaliruhusu jicho kuona zaidi ya mita 6 kwenda chini. Kufikia miaka ya 1990, sehemu nyingi zilikuwa zimebaki na mita 3 kushuka chini. Ukiwa umeishika kamba mwenyewe, namba hizo zinakuingia mwilini.

Na si suala la maji kupendeza tu. Hapa hapa kwenye Ghuba ya Mwanza, watafiti wa Kiholanzi na wenzao Watanzania walianza kuchunguza furu, samaki wadogo wa ziwani, miaka ya 1970. Furu walikuwa mamia ya aina, wengi wakiishi katika ziwa hili pekee. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, ndiye anayelaumiwa zaidi kwa kutoweka kwao, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini mwaka 1997 watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza jambo jingine linaloniuma kila ninapolifundisha. Furu jike hutambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakiwa na ukungu, nyekundu na buluu hazitofautishiki, jike anashindwa kuchagua, na aina mbili zilizokuwa mbali zinachanganyika na kuwa moja. Fikiria: udongo wa shamba lililolimwa kufuata mteremko, kule juu kwenye luseni, unamfanya samaki asimtambue mwenzake.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu mwanafunzi makini ataniuliza. Kiasi kama asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, pamoja na Kagera ambao ndio mkubwa kuliko wote, inaleta sehemu ndogo. Na mvua hiyo pamoja na vumbi na majivu yanayotua ziwani huleta virutubisho vingi sana. Je, basi mlima hauna hatia? Unayo. Vumbi linatoka kwenye ardhi iliyo wazi, majivu yanatoka kwenye mabua na nyasi tunazochoma kila kiangazi. Mnyororo unapita hewani pia. Na ziwa hili halina kina cha kumeza makosa: wastani wake ni kama mita 40 tu, wakati Tanganyika inashuka hadi mita 1,470.

Muhula wa pili ndipo tunapoingia kwenye sheria na watu, na hapa huwa nawaeleza kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa mafunzo kwa vitendo katika kijiji cha ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Nikapewa futi kamba na mambo za mbao, yaani vigingi. Ilikuwa mwezi wa kumi, kiangazi kimekolea. Nikapima mita 60 kutoka yalipoishia maji siku ile, nikapigilia mambo zangu, zikapita katikati ya bustani ya nyanya ya bibi mmoja.

Bibi hakupiga kelele. Alinionyesha mkwaju mkubwa, mbali kabisa nyuma ya nyumba yake, akasema, "Mjukuu wangu, mvua zile za Uhuru, maji yalikuja yakasimama pale. Wewe unapima ziwa likiwa limelala." Nikaitikia kwa kichwa kwa heshima, na sikuandika neno hata moja. Kwenye fomu yangu hapakuwa na nafasi ya maneno ya bibi.

Mwaka 2020 nilirudi kijijini pale na wanafunzi wangu. Mwezi wa Mei mwaka huo ziwa lilipanda hadi kiwango cha Mei 1964, likakipita kidogo. Mambo zangu zilikuwa chini ya maji, bustani haipo, na mawimbi yalikuwa yanagonga mizizi ya mkwaju. Bibi alikuwa ameshafariki. Mwanawe alinipokea vizuri, akanipa kigoda, na nilikaa pale nikiwa na aibu ambayo sijaimaliza.

Tangu hapo nimebadilisha zoezi. Kabla ya mwanafunzi kugusa futi kamba, anakaa na wazee watatu wa mahali pale, wanaume na wanawake, na anauliza maswali machache tu: maji yalifika wapi, mwaka gani, ng'ombe walinywa wapi, chemchemi ipi imekauka. Kisha anachora ramani pamoja nao ardhini kwa kijiti. Halafu ndipo tunapima. Na tunatafuta pamoja jibu la bustani itakwenda wapi, maana mstari usio na jibu hilo utang'olewa usiku wa kwanza, na aliyeung'oa ana watoto wa kulisha. Pakiwa na mafunjo tunayaacha, kwa kuwa huchuja matope bila gharama. Juu ya mteremko tunapima kontua, yaani mistari ya usawa mmoja inayokata mteremko, kwa fremu ya miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, uzi na jiwe katikati, ili mwenye shamba aweze kuitengeneza mwenyewe sisi tukishaondoka.

Wanaodhani haya ni ndoto nawapeleka kwa maneno hadi Shinyanga. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa masika ili nyasi na miti vikue, kisha ng'ombe wafunguliwe kiangazi kinapobana. Utaratibu huo ulikuwa umekaribia kufa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na baada ya kuhangaika na miche ya kigeni ukaijenga kazi yake juu ya ngitili na juu ya dagashida, mkutano wa wanakijiji unaotunga na kusimamia sheria zao. Hadi mradi unakwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na uoto. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki vilikuwa hai ardhini, vikisubiri kuachwa vipumue.

Kuhusu ajira nitasema kwa ufupi. Wahitimu wetu wako kwenye halmashauri, migodini Geita, kwenye miradi, na wengine kwenye kampuni zinazofanya tathmini ya athari kwa mazingira. Nafasi ni chache kuliko wahitimu. Anayepata haraka ni yule anayeweza kuandika ripoti inayoeleweka na mtendaji wa kijiji na mhandisi pia, kwa hiyo usidharau lugha. Hesabu zinahitajika, za kiwango cha kidato cha nne, ila uzijue kweli. Kemia kidogo. Kuogelea hatufundishi, lakini jaketi la kuokolea maisha kila mmoja atavaa, hata aliyezaliwa Ukerewe.

Kama umechaguliwa mwaka huu, wiki ya kwanza njoo na gumbuti, kofia, chupa ya maji na daftari lenye jalada gumu. Andika kwa penseli, maana wino ukilowa majini unapotea. Ukurasa wa kwanza uache wazi. Huo ni wa maneno ya mwenyeji wa kwanza utakayekutana naye mlimani, na utayaandika kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake au Kisukuma chake.