Karma Ilianza kwa Samli na Moto

Neno karma limeshaingia kwenye Kiswahili cha kila siku. Mtu akimdhulumu mwenzake kisha mambo yakamwendea kombo, utasikia "hiyo ni karma", kwa maana ileile ya malipo ni hapa hapa duniani. Kwa anayezisoma Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, matumizi hayo yana kasoro. Mafundisho ya Kihindu hayasemi kwamba malipo lazima yaje hapa hapa. Mengi husubiri uhai mwingine. Na kuna jambo la ndani zaidi: katika Kisanskriti karman ni kitendo, na kwa makuhani wa kale kitendo kilichozidi vyote uzito ni dhabihu. Ndiyo maana mimi huanza kufundisha karma kwenye moto, sio kwenye maadili. Anayeiruka dhabihu hawezi kuelewa kwa nini ukombozi ulihitajika.

Rigveda, Veda ya kale kuliko zote, ina nyimbo 1,028 katika vitabu 10, zenye beti zaidi ya 10,000. Wataalamu wengi huziweka kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi. Kwa karne nyingi hazikuandikwa, zilihifadhiwa vifuani. Ubeti wa kwanza kabisa ni huu: Agnim ile purohitam, yajnasya devam ritvijam, hotaram ratnadhatamam. Yaani: namsifu Agni (mungu wa moto), kuhani aliyewekwa mbele, mungu na mhudumu wa dhabihu, mwitaji, mtoaji mkuu wa hazina. Msomaji aliyezoea mashairi yetu na ahesabu mizani: vipande vitatu, kila kimoja silabi 8. Bahari hiyo huitwa gayatri. Trishtubh ina vipande vinne vya silabi 11, na jagati vinne vya 12. Sasa chukua ule mstari maarufu wa kitabu cha 3, wimbo wa 62, ubeti wa 10, ambao Wahindu wengi husoma alfajiri: tat savitur varenyam. Ukihesabu utapata 7, mizani imepungua. Mshairi hakukosea. Varenyam ilikuwa ikitamkwa vareniyam, silabi nne, na matamshi ya baadaye yakaibana.

Hifadhi yenyewe ina hatua, na hapa naomba subira kwa sababu ndipo penye ustadi wenyewe. Mwanafunzi huanza na samhita, ubeti kama unavyotiririka, maneno yakiwa yameshikana. Kisha hujifunza pada, neno moja moja likisimama peke yake. Halafu krama: la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la nne. Kisha jata, ambayo huenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena: 1-2, 2-1, 1-2. Kilele ni ghana: 1-2, 2-1, 1-2-3, 3-2-1, 1-2-3. Ukiacha kando mabadiliko ya sauti yanayotokea maneno yakigusana, mwanzo wa Rigveda kwa ghana huwa hivi: agnim ile, ile agnim, agnim ile purohitam, purohitam ile agnim, agnim ile purohitam. Kisha unasogea neno moja na kuanza tena kwa ile. Hesabu utaona kwamba neno lililo katikati ya mfululizo hutamkwa mara 13 kabla halijaachwa. Ukiruka neno moja, safari ya kurudi nyuma inakuumbua papo hapo, kwa sababu huna la kulikamata. Usomaji huu wa Veda uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, tangu mwaka 2008.

Lakini kupatia maneno hakutoshi. Kila neno lina toni: udatta ya juu, anudatta ya chini, na svarita inayoshuka. Katika nakala za Rigveda, anudatta huwekewa kistari chini, svarita kistari cha wima juu, na udatta haiwekewi alama, jambo linalowachanganya wanaoanza. Aliyesoma tajwidi ataelewa haraka kwa nini mwalimu hukatisha kwa ajili ya herufi moja. Na Kiswahili chenyewe kinatusaidia: barabára hupitiwa na magari, barábara ni sawasawa kabisa. Mkazo umehama, maana imehama.

Kisa wanachopewa wanafunzi ni cha Tvashtri. Indra, mfalme wa miungu, alimuua mwana wa Tvashtri, na Tvashtri akamimina motoni mabaki ya soma, kinywaji cha dhabihu, akiomba azaliwe "indrashatru", muuaji wa Indra. Kwa maana hiyo toni ya juu ilipaswa kukaa kwenye silabi ya mwisho. Yeye akaiweka kwenye ya kwanza, na neno likawa "ambaye muuaji wake ni Indra". Kiumbe aliyeombwa, Vritra, akazaliwa, akakua, na Indra akamuua. Moto ulitii kilichotamkwa, haukutii kilichokusudiwa.

Hapo ndipo karma ya kale ilipo. Kitendo kina nguvu yake chenyewe, na matokeo hufuata umbo la kitendo. Kwa sababu hiyo dhabihu kubwa zilikuwa na makuhani wanne: hotri asomaye Rigveda, adhvaryu ashughulikaye na kazi ya mikono, udgatri aimbaye Samaveda, na wa nne, brahman, anayekaa kimya akisikiliza. Kazi ya huyu wa nne ni kunasa kosa na kulitengeneza kabla halijazaa. Mioto ilikuwa mitatu: wa duara magharibi, wa mraba mashariki, wa nusu mwezi kusini.

Matunda ya dhabihu na zawadi yalidhaniwa kumsubiri mtu juu. Wimbo wa mazishi, 10.14, unamwambia maiti aende kuungana na mababu, na Yama (mfalme wa wafu), na ishtapurta yake, yaani akiba ya alichotoa. Kisha likaja swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoigeuza dini yote: akiba ikiisha? Maandiko ya makuhani yanaanza kutaja punarmrityu, kufa tena, huko huko juu.

Chandogya Upanishadi, moja ya maandiko ya falsafa ya mwisho wa Veda, sura ya 5, inajibu kwa undani wa kushangaza. Aliyetegemea dhabihu na sadaka huingia kwenye moshi, kisha usiku, kisha nusu ya giza ya mwezi, kisha miezi sita jua linapoelekea kusini, hadi kwa mababu na mwezini. Hukaa huko mpaka salio liishe. Hurudi kwa njia ileile: anga, upepo, moshi, ukungu, wingu, mvua. Kisha huota ardhini kama mpunga, shayiri, mimea, miti, ufuta na kunde. Kutoka hapo, andiko linasema, ni kugumu. Lazima aliwe na atakayemzaa upya. Wenye ujuzi, pamoja na wale wa msituni wenye imani, hupita njia nyingine, ya mwali na mchana na nusu ya mwanga, wala hawarudi.

Katika Brihadaranyaka, Upanishadi nyingine, Artabhaga anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya: mtu akifa, sauti yake ikaingia motoni, pumzi upeponi, jicho juani, yeye mwenyewe yuko wapi? Yajnavalkya hamjibu mbele ya watu. Anamshika mkono, wanatoka kando, na walichozungumza ni karma: mtu huwa mwema kwa kitendo chema, mbaya kwa kibaya. Kitendo hapo kimetoka uwanja wa dhabihu na kuwa maisha yote.

Kwa hiyo moksha, yaani ukombozi, si pepo iliyo nzuri zaidi. Pepo, svarga, ni tunda la karma na huisha kama mshahara. Moksha ni kutoka kwenye mzunguko wenyewe wa kufa na kuzaliwa. Mundaka, nayo Upanishadi, inaziita dhabihu mashua dhaifu. Mwanafalsafa Shankara alifundisha kwamba ujuzi wa kuwa nafsi na Brahman (hapa si yule kuhani, bali uhalisi wa mwisho wa vyote) ni kitu kimoja huteketeza sanchita, akiba ya vitendo vya zamani, na huzuia agami, vitendo vipya, visishikamane na mtu. Inabaki prarabdha, sehemu iliyokwisha anza kuiva, na hiyo ni mshale uliotoka kwenye upinde: lazima umalize mwendo. Ndiyo maana aliyekombolewa bado huugua na kuzeeka. Mwanafalsafa mwingine, Ramanuja, alikataa kwamba mtu anaweza kukombolewa kabisa akiwa hai, na kwake nafsi haifutiki bali hubaki karibu na mungu Vishnu. Anayesema "Wahindu wanaamini moksha ni hivi" na kutaja shule moja tu amepunguza mno.

Sasa rudi motoni. Katika havan, ibada ya kumimina sadaka motoni, ambayo jumuiya ya Kihindu ya Arya Samaj wanaifanya hadi leo, Nairobi ikiwemo, mantra (tamko takatifu) huishia kwa svaha na hapo samli humiminwa. Kisha husemwa: idam agnaye, idam na mama. Hii ni ya Agni, si yangu. Maneno hayo ni sehemu ya lazima, kwa sababu kitu ambacho hujakiachilia hujakitoa. Bhagavad Gita, andiko la mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna, imechukua tamko hilo na kulipeleka kwenye kila kazi: 2.47 inampa Arjuna haki ya kitendo, si ya matunda yake. Na 4.24 inasema mminio ni Brahman, sadaka ni Brahman, imemiminwa na Brahman katika moto wa Brahman. Ubeti huo Wahindu wengi huusoma kabla ya kula, sahani ikiwa mbele yao, tumbo likiwa ndilo moto.