Ugonjwa wa Sjögren: seli za kinga zinapoweka kambi kwenye tezi

Sjögren ni ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia, na shabaha yake kuu ni tezi za machozi na za mate. Macho huwasha kama yameingia mchanga, na mkate mkavu haushuki bila maji ya kusukumia. Jina limetokana na Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi, ambaye mwaka 1933 aliandika kuhusu wanawake 19 wenye ukavu huo. Mpaka leo, kwa kila mwanamume mmoja anayeugua kuna wanawake kama tisa.

Wahusika wakuu ni limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu. Kwenye tezi yenye afya huwa chache. Hapa huingia kwa wingi, hujikusanya kuzunguka vijimirija vya mate, na hazitoki. Zinaonekana kabisa: daktari hupiga ganzi ndani ya mdomo wa chini, huchukua vijitezi vichache, kisha maabara huvitazama kwa hadubini. Limfosaiti 50 au zaidi zilizobanana pamoja huhesabiwa kuwa kundi moja, na kundi moja tu katika milimita 4 za mraba za tezi ni ushahidi mzito.

Mwanzoni nyingi huwa ni seli T za CD4, kundi mojawapo la limfosaiti. Ndiyo, CD4 hizihizi tulizozoea kuzisikia zikipungua kwa wenye VVU. VVU navyo vinaweza kuvimbisha tezi za mate na kukausha kinywa, ila huko zinazojaa kwenye tezi ni CD8, kundi jingine la seli T. Kwa hiyo usishangae daktari akianza na kipimo cha VVU.

CD4 hizo humwaga kemikali zinazochochea uvimbe na kuziamsha seli B, limfosaiti za aina nyingine, ambazo hutengeneza kingamwili (protini za kinga) kama anti-Ro na anti-La. Mjamzito mwenye anti-Ro afuatiliwe kwa karibu, maana inaweza kuvuka kondo la nyuma na, mara chache, kuvuruga mapigo ya moyo wa mtoto tumboni.

Lakini tusizilaumu limfosaiti peke yake. Seli za tezi yenyewe hutoa ishara za kuziita, tena hutoa BAFF, protini inayozirefushia seli B maisha. Na mara nyingi tezi hukauka huku sehemu yake kubwa ingali hai. Ipo, ila haiitikii vizuri amri ya neva. Ndiyo sababu vidonge vya pilokapini, vinavyoichochea tezi iliyobaki, huwasaidia baadhi ya wagonjwa.

Seli B zikichochewa miaka na miaka, kwa wagonjwa wachache hugeuka saratani ya limfoma. Uvimbe wa mbele ya sikio uliokaa muda mrefu bila kunywea, hasa wa upande mmoja, upelekwe hospitali hata kama hauumi.