Arosto ikiisha, mtu hajapona

Juzi mama mmoja wa Ngamiani alinifuata kwenye dirisha tunapowagawia waraibu wa heroini dawa ya methadoni, ufunguo wa kufuli mkononi. Kijana wake alikuwa mgonjwa wetu kabla hajatoroka na kuurudia unga. "Nesi, nimemfungia siku tisa. Katapika, kaharisha, kalia usiku kucha. Sasa anakula wali sahani mbili. Mwanangu kapona, mfuteni kwenye daftari lenu."

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Naandika ili asije wa nne.

Arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa unga, si ugonjwa wenyewe. Ya heroini huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, hukaba siku ya pili na ya tatu, kisha hutulia yenyewe ndani ya wiki hivi, kufuli liwepo lisiwepo. Hamu ndiyo hubaki, miezi hata miaka.

Linaloninyima usingizi ni hili. Mwili wa mtumiaji huuzoea unga: kipimo cha kumuua mgeni, yeye kinamtoa arosto tu. Siku tisa za kufungiwa hupunguza sana mazoea hayo, lakini kijana anakumbuka kipimo chake cha zamani. Akitoka akajidunga kilekile, pumzi hupungua, midomo hubadilika rangi, anakoroma. Nyumbani wanasema, "Mwacheni apumzike." Hapumziki, anakufa! Ukimtikisa asiamke, mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Ipo naloksoni ya kumrudishia pumzi. Nimezika vijana hivi, na kila msiba nasikia neno lilelile: "Lakini alikuwa ameshaacha."

Wanaoiita methadoni "unga wa serikali", kifupi: ndiyo, ni jamii moja na heroini, na hutengenezwa maabara. Ila dozi moja humshikilia mtu siku nzima bila kumlewesha, ikiwa kipimo ni sahihi. Anainywa mbele yetu, anashushia maji, tunamsemesha tujue kameza. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011.

Apunguziwe lini mpaka aache kabisa? Hapo hata sisi tunabishana. Kuna kijana tulimpunguzia kwa kuwa familia ilishikilia, akarudi kijiweni. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikupinga.

Mama yule nimemwomba amlete kesho saa moja asubuhi. Dozi yake ya zamani hatapewa. Ataanza upya na kipimo kidogo, kwa sababu ileile ya siku tisa.