Kabla ya mfumo mpya, safisheni majina

Taasisi kubwa za Unguja na Pemba zinahama kutoka kwenye majalada ya karatasi kwenda kwenye mifumo ya kompyuta: mishahara, pensheni, hospitali, ardhi. Mazungumzo mengi huwa juu ya bei ya programu na kasi ya intaneti. Kazi inayoamua kama mfumo utafaa ni nyengine, na haina mvuto hata kidogo: kusafisha orodha za watu kabla hazijaingizwa.

Mtu mmoja anaweza kuwa Mohammed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad kwenye cheti cha skuli na Moh'd kwenye orodha ya mishahara. Karani aliyekaa kaunta miaka 20 hababaiki, anamjua yeye na baba yake. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na wote watatu wanaweza kulipwa.

Zipo programu za kutafuta majina yaliyojirudia, ila zinahitaji mpangilio. Kumbukumbu 10,000 zikilinganishwa kila moja na zote zilizobaki, hutoka jozi 49,995,000. Kwa hiyo zigawanywe kwanza mafungu, tuseme kwa wilaya na mwaka wa kuzaliwa, ndipo zilinganishwe ndani ya fungu. Hapo napo pana mtego: wazee wengi waliandikishwa tarehe 1 Januari ya mwaka wa kukisia, kwa kuwa siku yenyewe haikujulikana. Yule yule akikisiwa miaka miwili tofauti, huangukia mafungu mawili na kumbukumbu zake hazikutani kamwe. Rudieni zoezi kwa kigezo chengine, kama jina la babu na shehia, yaani eneo dogo linaloongozwa na sheha. Na shehia iandikwe pamoja na wilaya yake, maana Kizimbani ipo Unguja na ipo Wete.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, nalo ni kuunganisha watu wawili wakawa mmoja. Salim na Salum wanatofautiana herufi moja tu, na wanaweza kuwa ndugu wa nyumba moja. Pacha Hassan na Hussein wana baba mmoja, tarehe moja na shehia moja. Programu ipendekeze, afisa aamue, na penye shaka aulizwe sheha. Namba ya zamani ibakie kwenye kumbukumbu, ili waliounganishwa kwa makosa waweze kutenganishwa.

Namba ya kitambulisho ndiyo kinga bora, lakini huharibika njiani. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ikiandikwa kwenye Excel kama namba ya kawaida, programu hiyo hushika tarakimu 15 tu, na tano za mwisho hugeuka sifuri bila ya onyo. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mwanzo. Safu hizo zipangwe kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote. Kuzibadilisha baadaye hakurudishi kilichopotea.

Akili mnemba, yaani AI (kisiwa chetu cha Mnemba hakihusiki), sasa inauzwa kwa taasisi kama dawa ya kunasa watumishi hewa. Inasoma orodha zile zile. Orodha ikiwa chafu, itamshuku mwalimu wa Kojani kwa sababu tu jina lake limeandikwa namna mbili.

Siku ya kuhama, msizime mfumo wa zamani. Mishahara ikokotolewe kwa mifumo yote miwili kwa muda usiopungua miezi miwili, na matokeo yalinganishwe hadi shilingi ya mwisho. Tofauti ya shilingi moja inayojirudia kwa watu wengi kwa kawaida hutokana na namna mfumo unavyokadiria sehemu za shilingi. Tofauti kubwa kwa mtu mmoja mara nyingi ni posho au makato yaliyoingia kwa mtu mwengine, na hapo mtalihitaji lile jalada la karatasi, kwa hiyo lisiwe limeshapelekwa stoo.